Kitambi, Figo na Tepu ya Fundi

Kondoo dume aliyenona akipasuliwa, figo zake hazionekani mara moja. Zimezama ndani ya mafuta meupe, mazito, na mchinjaji huyachambua kwa vidole kabla ya kutia kisu. Humo ndani, karibu na kichwa cha kila figo, kuna kipande cha nyama kidogo kama haragwe, rangi yake kahawia iliyofifia. Wengi hukibandua pamoja na mafuta bila kukiuliza jina. Jina lake ni tezi ya adrenali, na historia ya kitambi haisimuliki vizuri bila kuitaja.

Nchiru ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni kituo cha biashara kwenye barabara ya kutoka mji wa Meru kwenda Maua, huko Tigania Magharibi, na watu wa mbali hupajua kwa mambo mawili. La kwanza ni makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. La pili ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Upande mmoja kondoo amechinjwa kwa vizazi, kila kipande kikiwa na mwenyewe. Upande mwingine vijana wanafundishwa kazi ya ini, kongosho na tezi. Ni majirani, ingawa mara chache huketi meza moja.

Zamani katika miteremko ya milima ya Nyambene unene ulikuwa kazi ngumu kuupata. Shamba lilikuwa juu, maji yalikuwa bondeni, na kati yake kulikuwa na miguu. Chakula kilikuwa mawele, mtama, wimbi, njahi, kunde, viazi vikuu, nduma na ndizi; asali ilikuwapo, tena nyingi yake iliishia kwenye pombe ya wazee. Nyama ilikuwa ya siku maalumu. Mama aliyejifungua alichinjiwa ili arudishe damu na nguvu. Mafuta yalikuwa tunu: ya kuliwa, ya kupakwa, ya kutumiwa katika viapo na baraka. Mtu aliyeota kitambi katika hali hiyo alikuwa ama na mifugo yake mwenyewe, ama na kiti mahali ambapo mifugo ya wengine ilichinjwa.

Kiti hicho, kwa Wameru, kilikuwa barazani. Mzee hakuingia Njuri kwa sababu ya kiuno chake, bali kwa tabia, umri na ulimi wake; hata hivyo njia ya kuingilia ilipitia karamu, na faini nyingi zilizotozwa zililipwa kwa mifugo iliyoliwa papo hapo. Haki ilikuwa na ladha ya nyama choma. Mkuu wa wilaya H. E. Lambert, yuleyule ambaye wasomi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa uchunguzi wake wa lahaja za pwani, alifanya kazi Meru katika miaka ya 1930 na akaisukuma serikali ya kikoloni iitambue Njuri na kuitumia. Tangu hapo wazee walikuwa na mihuri pamoja na mifugo. Mwaka 1956 baraza hilo lilipiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana wengi wakaasi kwa kujitahiri wenyewe; wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Tukio hilo halihusu unene, lakini linaonyesha kitu ambacho mtu wa leo mwenye mizani bafuni hukisahau: mwili haukuwa siri ya mwenyewe. Uliangaliwa, ukajadiliwa, ukatolewa hukumu na jamii nzima. Kitambi nacho kilitolewa hukumu yake, na kwa muda mrefu hukumu ilikuwa nzuri. Mtu alikuwa amenawiri.

Wakoloni walipoanza kuupima mwili wa Mwafrika hawakuanzia kiunoni. Walianzia kwenye mizani na fimbo ya urefu, kwa kuwa walichotaka kujua ni nguvu ya kazi. Mwaka 1931 John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, pamoja na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba nchini Kenya, walichapisha uchunguzi wa Wakikuyu na Wamaasai. Mwanamume wa Kimaasai, walisema, alimzidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na sababu waliyoitoa ilikuwa maziwa, nyama na damu dhidi ya nafaka na mizizi. Katika ripoti hiyo hofu yote ni ya wembamba. Hakuna aliyewaza kwamba wajukuu wa wapimwaji wale siku moja wangeshauriwa wapunguze kula.

Miaka miwili kabla yake, daktari mmoja aitwaye C. P. Donnison alikuwa ameandika jambo la kushangaza zaidi katika jarida la Lancet. Alikuwa amefanya kazi kwa takriban miaka miwili katika hifadhi ya wenyeji kando ya Ziwa Victoria, akawapokea hospitalini wagonjwa wapatao 1,800, na katika wote hao hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Alipowapima presha watu 1,000 wasio wagonjwa, aliona kwamba ilipanda kidogo hadi umri wa makamo, kisha ikaanza kushuka wakati ya Wazungu wa umri uleule ilikuwa inaendelea kupanda. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huohuo wa 1929 na baadaye kufundisha Mulago huko Kampala, aliona vivyo hivyo: njaa, malaria, minyoo, kwashakoo, lakini moyo ulioziba mishipa karibu haukuwapo. Ilipofika 1956 ndipo yeye na mwenzake Singh walipoandika juu ya Mwafrika wa Afrika Mashariki mwenye ugonjwa huo, na kisa kimoja tu kilistahili makala nzima.

Meru nayo ilikuwa imepata madaktari wake wa misheni. Clive Irvine wa Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka 1922. Wamethodisti walianza kazi ya hospitali Maua kuelekea mwisho wa mwongo huo. Vitanda vilijaa vidonda, nimonia, uzazi uliokwama, na kifua kikuu. Ugonjwa huu wa mwisho ndio unaoturudisha kwenye kile kipande cha nyama juu ya figo.

Mwanaanatomia Bartolomeo Eustachi wa Italia aliziona tezi hizo katika karne ya 16 na kuzichora, ila hakujua zinafanya kazi gani. Watu waliendelea kubahatisha hadi mwaka 1855, Thomas Addison wa hospitali ya Guy's mjini London alipoandika kitabu chembamba juu ya wagonjwa 11. Walikuwa wamedhoofika, wanatapika, wanazimia wakisimama, na ngozi zao zilikuwa zimegeuka nyeusi kama za watu waliochomwa na jua la mbali. Alipowapasua baada ya kufa, tezi zilikuwa zimeharibika, na katika wengi wao mharibifu alikuwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard alizitoa tezi hizo kwa wanyama, nao wote wakafa. Kipande anachokitupa mchinjaji kilikuwa kitu ambacho hakuna anayeishi bila yake.

Fikiria sasa ugonjwa huo katika nchi ambayo kifua kikuu kimejaa na ngozi za watu tayari ni nyeusi. Dalili kuu ya Addison, weusi wa ngozi, inajificha mbele ya macho. Daktari lazima atazame mistari ya viganja, fizi, sehemu ya ndani ya mashavu, makovu ya zamani. Huko ndiko weusi mpya unakoonekana. Mgonjwa anatamani chumvi, anakonda, presha yake inashuka. Kama ana kifua kikuu, kukonda kwake kuna maelezo tayari, na akifa hakuna anayeuliza zaidi. Mgonjwa wa adrenali wa zamani hakuwa na kitambi hata kidogo. Alikuwa mwembamba kuliko wote, kisha hayupo.

Upande wa pili wa tezi hiyohiyo, upande wa wingi, ulisubiri daktari mwingine. Harvey Cushing, bingwa wa upasuaji wa ubongo nchini Marekani, mwaka 1912 alieleza kisa cha msichana wa miaka 23 ambaye vitabu vinamtaja kwa jina la Minnie G. Uso wake ulikuwa wa mviringo kama mwezi mpevu, tumbo lilikuwa kubwa, mikono na miguu membamba, nywele zilimwota usoni, na tumboni kulikuwa na michirizi ya zambarau kama ya mama aliyezaa mara nyingi. Mwaka 1932 Cushing alikusanya wagonjwa 12 wa namna hiyo na kusema chanzo ni uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, unaoziamrisha adrenali zifanye kazi bila kupumzika.

Ukiangalia orodha ya matatizo ya wagonjwa wa Cushing, utadhani unasoma kadi ya kliniki ya presha na sukari ya leo: kitambi, presha ya juu, sukari kwenye damu, mafuta mabaya kwenye damu, misuli iliyolegea, mifupa dhaifu, huzuni. Sababu ni homoni moja, kortiso. Kazi yake ya kawaida ni kuamsha mwili asubuhi na kuuokoa siku ya shida. Huliambia ini limwage sukari kwenye damu, huvunja misuli ili kupata malighafi, na huzuia insulini isiifanye kazi yake ipasavyo. Ikizidi kwa miezi, mafuta huhama: yanatoka mikononi na miguuni na kwenda tumboni, usoni na nyuma ya shingo. Mafuta yanayozunguka matumbo yana vipokezi vingi vya kortiso kuliko yale yaliyo chini ya ngozi ya mapaja. Na kwa kuwa damu ya matumbo hupitia kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, asidi za mafuta zinazotoka humo huliangukia ini moja kwa moja.

Hapo ndipo Mkenya aliyesoma kitambi kama shibe anapopotea. Kitambi kinaweza kuandikwa na sahani, na kinaweza kuandikwa na tezi, na tangu mwaka 1948 kinaweza kuandikwa na dawa. Mwandiko unafanana.

Mwezi Septemba mwaka huo, katika kliniki ya Mayo huko Minnesota, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi dawa ambayo mkemia Edward Kendall alikuwa ameigundua kwenye tezi za adrenali. Ndani ya siku chache mama huyo alitembea. Dawa ikaitwa kortisoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobeli, na madaktari wa dunia nzima walikuwa wanaililia. Shida ilikuwa namna ya kuitengeneza. Ilitokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30 za kikemia, na ng'ombe wa kuchinjwa hawakutosha.

Ndipo Afrika Mashariki ilipoingia kwenye hadithi kupitia mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Wanasayansi wa Uingereza mwaka 1951 walitangaza kwamba majimaji ya mkonge, yale yanayomwagwa baada ya majani kusagwa ili kutoa nyuzi, yana kitu kiitwacho hekojenini, na kutoka hekojenini unaweza kufika kwenye kortisoni. Mashamba ya mkonge ya Kenya na Tanganyika yalikuwa yanatiririsha uchafu huo mitaroni kila siku. Kampuni ya Glaxo iliukusanya na kuufanya malighafi ya dawa zake za jamii ya steroidi. Mkulima wa Meru aliyepanda mkonge kama ua wa shamba, akaulaani kwa miiba yake, alikuwa amezungushia ng'ombe wake mmea uliokuwa unaokoa wagonjwa wa adrenali London.

Mgonjwa wa Addison sasa aliweza kuishi. Maarufu kuliko wote alikuwa John F. Kennedy, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huo London mwaka 1947 na akaishi kwa kortisoni huku akiificha habari hiyo kwa wapiga kura. Julai 1960 Tom Mboya alikwenda kumwona nyumbani kwake Hyannis Port kuomba fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa safari hizo za ndege. Mashavu yale yaliyojaa ambayo Waafrika wengi waliyaona kwenye picha na kuyachukua kuwa ya kijana mwenye afya, yalikuwa kwa sehemu kazi ya dawa. Kwa miongo mingi wagonjwa kama yeye walipewa miligramu 30 au zaidi za haidrokortisoni, yaani kortiso ya dawa, kwa siku. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa mwaka 2016 unashauri 15 hadi 25 kwa mtu mzima. Tofauti hiyo ndogo, ikiliwa kila siku kwa miaka 20, hukaa kiunoni. Kitambi cha mgonjwa wa Addison, kwa maana hiyo, ni ugonjwa wa walionusurika.

Wakati huohuo Ulaya, mtu wa Marseille aitwaye Jean Vague alikuwa amegundua jambo lililokuwa wazi kwa kila fundi cherehani. Mwaka 1947 aliandika kwamba unene hauko sawa: kuna ule wa makalio na mapaja, na kuna ule wa tumbo, na huu wa pili ndio unaoandamana na sukari na ugonjwa wa moyo. Alitumia neno la unene wa kiume kwa ule wa tumbo, ingawa wanawake pia huupata. Watu hawakumsikiliza kwa miaka mingi. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa mhadhara akiyaunganisha matatizo ya sukari, presha na mafuta ya damu chini ya kitu kimoja, mwili kukataa insulini, na hata yeye alikiacha kitambi nje ya orodha yake. Kilirudishwa baadaye. Leo mkusanyiko huo unaitwa sindromu ya kimetaboli.

Mwaka 1997 watafiti wa Birmingham nchini Uingereza waliuliza swali ambalo lingemfurahisha Cushing: je, huenda kila kitambi ni aina ya Cushing ya tumboni? Walichukua mafuta yaliyofunika matumbo na mafuta ya chini ya ngozi, wakaona kwamba yale ya tumboni yana kimeng'enya kinachoigeuza kortisoni iliyolala kuwa kortiso iliyo macho, kwa kiwango kikubwa kuliko yale mengine. Kwa hiyo mtu ambaye kipimo cha damu kinaonyesha kortiso ya kawaida anaweza kuwa na ziada yake ndani ya kitambi chenyewe. Swali hilo bado linabishaniwa, lakini lilivunja ukuta kati ya mgonjwa wa tezi na mtu wa kawaida mwenye tumbo.

Kenya ya uhuru, kwa upande wake, ilikuwa inakisherehekea kitambi. Miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walikuwa wameunda neno Wabenzi kwa tabaka jipya la wenye magari ya Mercedes, na mchoraji wa katuni hakuhitaji kuchora gari: tumbo na tai vilitosha. Chifu, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa chama cha kahawa, mfanyabiashara wa miraa, kila mmoja alijua kwamba suruali inayopanuliwa na fundi ni tangazo. Meru ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na kahawa ilipolipa, ilileta mabati, ada za shule, sukari ya kilo na mafuta ya kupikia ya mkebe. Mawele yakaachia nafasi mahindi. Miguu ikaachia nafasi matatu.

Kisha ukaja ukimwi, na hukumu ya mwili ikawa kali kupita zamani zote. Katika miaka ya 1990 kukonda kulikuwa tuhuma. Watu waliopungua kilo kwa sababu zao wenyewe, hata kwa kazi ya shamba, walinong'onwa. Mtu mnene alikuwa na cheti cha afya alichokivaa. Dawa zilipofika, moja kati ya zile za mwanzo, stavudini, ilileta kinaya cha kuumiza: iliokoa uhai lakini iliwanyonya baadhi ya wagonjwa mafuta ya mashavuni na miguuni, na matibabu ya wakati ule yaliwaachia wengine kitambi na nundu nyuma ya shingo. Walifanana na wagonjwa wa Cushing huku tezi zao zikiwa salama. Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na dawa hiyo mwaka 2009.

Hofu ya kukonda haikwenda nayo. Imebaki sokoni, na imezaa biashara. Vidonge vya deksamethasoni, steroidi ya jamaa ya kortisoni, vya rangi na bei za kuvutia, huuzwa kwa wasichana wanaotaka kunawiri kabla ya harusi, mara nyingi vikichanganywa na siproheptadini inayoamsha hamu ya kula. Muuzaji husema ni vitamini. Miligramu 0.75 za deksamethasoni ni sawa na miligramu 20 za haidrokortisoni, yaani kipimo cha siku nzima cha mgonjwa wa Addison kimeingia kwenye kidonge kidogo. Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, steroidi nyingine, hufanya kazi hiyohiyo kupitia ngozi, polepole. Msichana hunenepa usoni na tumboni, anasifiwa, anaongeza. Tezi zake mwenyewe, zikiona kortiso imejaa, hulala usingizi. Siku anapoacha ghafla, kwa sababu fedha zimeisha au harusi imepita, hakuna wa kuziamsha: presha inaanguka, sukari inaanguka, anatapika, anazimia. Ndani ya mwezi mmoja mtu anaweza kuonja ugonjwa wa Cushing na wa Addison, yote kwa dawa ya kurembesha.

Hakuna anayeifanya hesabu hii Tigania bila kuuliza juu ya miraa. Wakulima wa Igembe na Tigania wanajua kwamba mtafunaji mzuri hanenepi. Hamu ya kula humwacha kabla ya alfajiri. Kemia yake ilieleweka mwaka 1975, kathinoni ilipotengwa kwenye majani mabichi, na ni ndugu wa amfetamini. Huzifanya neva zimwage noradrenalini, jamaa ya ile adrenalini inayotoka katikati ya tezi za adrenali, na hivyo moyo huenda mbio na presha hupanda. Lakini mtafunaji mwembamba hatafuni peke yake. Hutafuna na soda tamu, bigijii na njugu, na huamka adhuhuri. Kipimo cha kiuno hakimkamati. Mashine ya presha ndiyo inayomkamata, kama atakaa kwenye benchi la kliniki. Biashara yenyewe ilikonda Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na wako waliohama kutoka shambani kwenda kwenye bodaboda, kazi ya kukaa.

Namba zilianza kuja nyuma ya mambo haya. Uchunguzi wa watu 539 mjini Nairobi, uliochapishwa mwaka 2012 na Lydia Kaduka wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya pamoja na wenzake, ulikuta sindromu ya kimetaboli kwa asilimia 34.6 yao, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 40.2. Mwaka 2015 uchunguzi wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa maishani. Ule wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta uzito uliozidi kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Donnison angedhani amefika nchi nyingine.

Na tepu yenyewe? Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2005 lilisema kiuno cha mwanamume wa Ulaya kisizidi sentimita 94 na cha mwanamke 80, kisha likawaambia Waafrika walio kusini mwa Sahara watumie vipimo hivyohivyo vya Wazungu kwa muda, kwa kukosa vya kwao. Muda huo ulirefuka. Baadaye takwimu za zaidi ya watu 24,000 kutoka nchi kadhaa za Afrika ziliashiria kwamba kikomo bora kwa wote wawili ni kama sentimita 81. Mwanamume wa Meru mwenye kiuno cha sentimita 88, ambaye kwa kadi ya Kizungu anarudi nyumbani akitabasamu, kwa hesabu ya Kiafrika ameshavuka zamani. Suruali yake ya harusi ilikuwa inamwambia hivyo bila ripoti.

Kwa mgonjwa wa adrenali hesabu ni ngumu zaidi. Aliyefanyiwa upasuaji wa Cushing akapona hubaki kwa miaka na presha, sukari na kitambi zaidi kuliko mwenzake wa rika, kana kwamba mwili umekataa kusahau. Wa Addison hula dawa kwa kuiga asili: sehemu kubwa mara tu aamkapo, nyingine mchana, asiongeze jioni, kwa sababu kortiso ya usiku ndiyo inayovuruga usingizi na kunenepesha. Siku ya homa anaongeza maradufu. Asipoongeza anaweza kufa, na akisahau kushusha baadaye ananenepa. Haidrokortisoni ya vidonge haipatikani kila duka la dawa Afrika, kwa hiyo wengi hupewa prednisoloni, ambayo miligramu 5 zake ni sawa na 20 za haidrokortisoni na hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mgonjwa wa pumu au baridi yabisi anayetumia prednisoloni kwa miezi naye yuko kwenye mashua hiyo, ingawa hakuna aliyemwambia ana tatizo la adrenali.

Kliniki za Meru hutumia tepu ileile ya fundi cherehani, ile laini ya manjano au nyeupe. Mama anavua leso, anasimama wima. Muuguzi anatafuta kwa vidole ubavu wa mwisho, kisha ncha ya mfupa wa nyonga, na tepu inazungushwa katikati ya hivyo viwili mama akiwa ametoa pumzi. Namba inaandikwa kwenye kadi. Foleni ikiwa si ndefu, linafuata swali moja zaidi, la dawa anazotumia nyumbani, na mama anafungua mkoba: kopo la krimu lisilo na karatasi, na vidonge vitano vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti.